Nyimbo za chekechea za Kiingereza na "siri" zake za kutisha: nimefuatilia mmoja mmoja, karibuni tujadili

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga arudi usiku.

Iko hivi. Binti yangu wa pili yuko chekechea, moja ya hizi shule za Kiingereza za mtaani. Wiki tatu zilizopita kwenye grupu la wazazi ikaingia ile meseji iliyokwisha kusambazwa mara elfu, aya kumi na vikatuni vya mafuvu: kwamba nyimbo wanazoimba watoto wetu ni nyimbo za vifo. Ring a Ring o' Roses ni maiti za tauni. Humpty Dumpty ni mzinga wa vita. Mary, Mary ni malkia aliyechoma watu moto. Baa Baa Black Sheep ni watumwa. London Bridge ni watoto waliozikwa hai. Mwisho wake: "Mzazi amka, tuma kwa watu kumi." Ilipofika saa nne usiku mama mmoja kashaandika barua ya kumtaka mwalimu mkuu afute nyimbo zote, na baba mmoja anataka tufunge siku tatu. Nikauliza, jamani, kuna aliyehakikisha? Nikajibiwa nisilete usomi kwenye mambo ya rohoni.

Nikakasirika vizuri. Kazi yangu ni ya zamu, usiku nakesha na kompyuta, nikaamua kuchimba. Kila wimbo nimeutafutia tarehe mbili tu. Ya kwanza: umeandikwa lini kwa mara ya kwanza, na siku hiyo ulikuwa unasemaje. Ya pili: hiyo "siri" yake watu wameanza kuisema lini. Ukishaziweka hizo tarehe mbili jirani, meseji yote inavuja kama pakacha.

Naanza na waridi, maana ndio mama yao.

Hadithi inayosambaa ni kwamba tuko London, 1665, tauni kubwa. Waridi ni duara jekundu kwenye ngozi ya mgonjwa, maua mfukoni ni ya kuzuia harufu, chafya ndiyo dalili ya mwisho, halafu wote chini, wamekufa. Imekaa kama kofia ya kupimiwa. Na tauni ilikuwepo kweli: orodha za vifo za mwaka ule zinaonyesha zaidi ya watu 68,000 waliokufa kwa tauni London peke yake, na wanahistoria wanaona idadi halisi ilikaribia laki moja.

Sasa wimbo. Kwenye kitabu Uingereza unaonekana mwaka 1881, kitabu cha michoro cha Kate Greenaway. Toa wenyewe: miaka 216. Halafu soma alichokiandika. Hakuna chafya! Mstari wa tatu ni "hush" mara nne, yaani nyamazeni, kisha wote wanaporomoka. Miaka miwili baadaye, 1883, Mmarekani William Wells Newell akatoa kitabu cha michezo ya watoto wa kwao, na humo kuna toleo analosema liliimbwa New Bedford, Massachusetts, karibu mwaka 1790: chupa imejaa maua, wasichana wote wa mjini, na mtoto anaitwa Josie. Hakuna chafya, hakuna hata anayeanguka. Wajerumani nao wana wa kwao, watoto watatu wamekaa chini ya kichaka wanapiga kelele husch husch husch. Sasa niambieni, kama chafya na kuanguka ndiyo roho ya siri yenyewe, mbona nusu ya ndugu za wimbo huu hawana hata kimoja?

Na ugonjwa wenyewe muuulizeni daktari yeyote. Tauni ya mitoki ni homa kali na uvimbe kinenani na kwapani. Chafya si alama yake. Samuel Pepys aliishi London mwaka ule ule na kuandika shajara kila siku, mtu ambaye hata chakula chake cha mchana anakiandika, na hana mstari mmoja kuhusu watoto wanaoimba hivyo.

Siri yenyewe imeanza lini, basi? Inaanza kusikika katikati ya karne ya 20, kwa nguvu zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili. Iona na Peter Opie, mke na mume waliotoa kamusi kubwa ya nyimbo hizi kule Oxford mwaka 1951, wanayataja hayo maelezo wakiwa na mashaka nayo. Mwaka 1961 mwandishi James Leasor akayaweka kwenye kitabu chake kuhusu tauni na moto wa London, na hapo yakapaa. Siri ya "miaka mia tatu" ni rika la marehemu babu yangu.

Nyingine naweka kadiri mnavyouliza, mkono umechoka.

#2 dadapilau

Nimekaa paleee namsubiri Humpty. Mwanangu yule jamaa wa yai anamwogopa mpaka anafumba macho kitabuni.

#3 Mbeba Lawama

Mkuu Kisiki, heshima yako, ila hapo umeteleza, na siwezi kunyamaza.

Unasema wimbo umeandikwa 1881 kwa hiyo haukuwepo 1665. Hivi nyimbo za watoto huwa zinaandikwa na nani? Mimi nimeimba Ukuti Ukuti na bibi yangu kaimba Ukuti Ukuti, na nina hakika bibi yangu hajawahi kuiona kwenye karatasi. Kwa kipimo chako hicho historia yetu yote ya mdomo inafutika, ndiyo lugha ile ile ya waliotuambia Afrika haina historia kwa sababu haina makabrasha. Siti binti Saad alipomwimba Kijiti, muuaji wa Unguja, watu hawakusubiri kitabu ndipo waamini. Wimbo ndio ulikuwa gazeti. Kwa nini Waingereza wa 1665 wasiwe na gazeti lao la mdomo?

#4 Kisiki cha Mpingo

Mbeba Lawama, hilo pigo ni halali, na nimelala nalo usiku mzima kabla ya kujibu.

Kweli, kutoandikwa si kutokuwepo. Wimbo unaweza kutembea mdomoni karne nzima kabla mtu hajaunukuu, na huu inawezekana ni mkongwe kuliko 1881. Newell mwenyewe anaurudisha hadi 1790. Lakini angalia mambo mawili.

Moja, sijasema wimbo haukuwepo, nasema *maana* haikuwepo. Hao wanaouimba, na waliounukuu kabla ya karne ya 20, hakuna hata mmoja anayesema "huu ni wa tauni". Newell alikusanya michezo, akahoji watu, akatafuta asili zake, na tauni haitaji. Ingekuwa ni kumbukumbu ya mdomo iliyorithishwa kuanzia 1665, mahali fulani katikati angepatikana bibi mmoja aliyemwambia mjukuu. Kumbukumbu ya mdomo ina mnyororo. Hii haina pingu hata moja kwa miaka karibu mia tatu, halafu inaibuka nzima nzima, imenyooshwa pasi.

Pili, mfano wako wa Kijiti unanisaidia mimi. Kijiti yumo kwa jina lake, hakufichwa. Wimbo umeimbwa na watu walioishi na kisa chenyewe, na Siti alishapanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake wakati wasikilizaji wake wanajua nani ni nani. Historia ya mdomo ndiyo hiyo: unaweza kuuliza "umesikia kwa nani?" ukajibiwa. Ile meseji ya grupu ukiiuliza umesikia kwa nani, inakwambia tuma kwa watu kumi.

Ila nakupa pointi ya karatasi. Nitakuwa makini.

#5 Mbeba Lawama

Haya, nimekuachia nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

#6 Mswahili wa Essex

Wadau, niko huku Uingereza mwaka wa tisa, na Colchester naijua, nimebeba maboksi sana mji ule. Kuhusu Humpty, huku mtu atakwambia bila kupepesa macho: mwaka 1648, vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Bunge limeuzingira mji kwa wiki kumi na moja. Wafuasi wa Mfalme wana mzinga mkubwa, jina lake Humpty Dumpty, wameuweka juu ya mnara wa kanisa la St Mary's pale ukutani. Bunge wakapiga mnara, mzinga ukaanguka, farasi wote wa Mfalme na watu wote wa Mfalme wakashindwa kuunyanyua. Kanisa lipo, na juu ya mnara ukiangalia unaona kabisa matofali ya marekebisho. Mimi niliamini, nikawasimulia mpaka wanangu. Nimedanganya watoto?

#7 Kisiki cha Mpingo

Mswahili wa Essex, pole. Kuzingirwa ni kweli, 1648 ni kweli, mnara kupigwa ni kweli. Kitu pekee ambacho si kweli ni Humpty.

Wimbo unaonekana kuchapwa kwa mara ya kwanza 1797, kwenye mkusanyo wa mwanamuziki Samuel Arnold. Hapa ndipo niliposimama jikoni nikacheka peke yangu saa tisa usiku, kwa sababu toleo hilo halina mfalme. Hakuna farasi. Mistari miwili ya mwisho inasema watu themanini na wengine themanini hawakuweza kumrudisha Humpty Dumpty alipokuwa. Watu 160, basi. Farasi wa mfalme na watu wa mfalme, ambao ndio ushahidi mzima wa Colchester, wameingia baadaye!

Tena Colchester ina mpinzani. Mwaka 1956 profesa wa sheria wa Oxford, David Daube, aliandika kwamba Humpty ni mtambo wa kuvunjia kuta uliotumika kuizingira Gloucester mwaka 1643. Aliandika kwenye jarida la chuo, na wengi wanaona alikuwa anatania. Utani ukachukuliwa, na 1969 Richard Rodney Bennett akautungia opera ya watoto. Watoto wakakua wakijua ni historia. Miji miwili, vita vile vile, kila mmoja una Humpty wake.

#8 Mwalimu wa Zamu

Naomba niingie hapa maana mnazunguka mbuyu.

Nimefundisha Kiswahili msingi miaka mingi. Soma ule wimbo upya kama hujawahi kuona picha: kitu fulani kimekaa ukutani, kimeanguka, hakuna awezaye kukirudisha. Neno "yai" halimo popote! Kwa nini halimo? Kwa sababu ndilo jibu. Hicho ni kitendawili, wakubwa. Kitendawili! Tega! "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Sisi tumelificha kwenye nyumba, wao wamelificha kwenye mtu mnene aliyekaa ukutani. Kisha picha zikaja zikamchora akiwa yai lenye miguu, kitendawili kikafa, kwa sababu huwezi kutega huku jibu limechorwa pembeni. Watu wakabaki na wimbo usio na swali, ndipo wakaanza kuutafutia mzinga.

Darasani nimejaribu. Nimewatafsiria watoto wa la nne bila picha, nikasema tega. Mtoto wa tatu kunyoosha kidole kajibu: yai. Wa kwanza kasema chungu, wa pili kasema babu.

#9 Kisiki cha Mpingo

Mwalimu, umeumaliza. Nimekesha siku nne kufika hapo, wewe umefika kwa tega nikutege. Na ni kweli, ndugu zake wako Ulaya nzima na wote ni vitendawili vya yai: Wajerumani wana Humpelken-Pumpelken, Wafaransa wana Boule Boule. Hao hawakupigana Colchester. Lewis Carroll anapomtia kwenye hadithi yake mwaka 1871 tayari ni yai linaloongea, kwa hiyo picha ilishaharibu mchezo.

#10 dadapilau

"Wa pili kasema babu" 😂😂 huyo mtoto apewe zawadi.

#11 Binti Mvita

Hamjambo nyote. Niko Mombasa, nasoma uzi huu nikitoka kulaza watoto.

Mie lilonigusa ni la daraja. London Bridge, kwamba watoto walizikwa hai kwenye msingi ili daraja lisimame. Niliposoma nikasema, ah, hii naijua, hii ni mumiani. Nyanya yangu alikuwa hatuachi kutoka magharibi: gari la wazima moto likipita twakimbizwa ndani, ati wale si wazima moto, ni wachukua damu. Na kila palipojengwa kitu kikubwa, daraja au bandari, patazuka maneno kwamba pamezikwa kichwa cha mtu. Hata kamusi ya Kiswahili ya 1939 inalo neno mumiani, inaeleza ni dawa nyeusi kama gundi, na kwamba watu wengi waamini yatokana na damu ya watu. Swali langu: je, Waingereza nao walikuwa na mumiani wao, au ni sisi tu tuliochongewa?

#12 Kisiki cha Mpingo

Dada Binti Mvita, swali zuri kuliko yote humu.

Wanao. Na aliyewaandikia ni msomi wa heshima. Alice Bertha Gomme, mkusanyaji mkubwa wa michezo ya watoto, miaka ya 1890 alieleza kwamba mchezo wa London Bridge, ule wa watoto wawili kushika mikono juu na kumfunga mmoja katikati, ni mabaki ya desturi ya kumtoa mtu kafara kwenye msingi. Wazo lilikuwa la kisasa wakati ule, wasomi walipenda kuona kafara chini ya kila kitu. Lakini kwenye misingi ya daraja lenyewe hakuna mifupa ya kafara iliyopatikana. Nyanya yako na Bi Gomme wangekaa kibarazani wakaelewana kabisa, tofauti ni kwamba nyanya hakuandika vitabu viwili.

Wapo pia wanaosema wimbo ni wa mwaka 1014, Olaf wa Norwe alipolivuta daraja kwa kamba za meli. Ushahidi wao ni shairi la kale la Kinorse linaloanza kabisa na maneno ya wimbo. Nikafuatilia: hayo maneno ni ya mfasiri, Samuel Laing, mwaka 1844. Alipotafsiri aliupamba ubeti ufanane na wimbo ambao Waingereza wote walishaujua tangu utotoni. Yaani wimbo ulizaa ushahidi wake wenyewe.

Kwa faida ya wapenda vituko: daraja la London la 1831 halikuanguka, liliuzwa. Mwaka 1968 tajiri wa Marekani Robert McCulloch alilinunua kwa dola 2,460,000, likavunjwa jiwe jiwe, leo liko Lake Havasu City, jangwani Arizona. Hiki ni cha kweli, hakijafichwa, na hakuna aliyenitumia kwenye grupu.

#13 Kamba Hukatikia Pabovu

Vipi hao kondoo? Maana hilo la watumwa kwa sisi si dogo. "Master", "black", magunia matatu. Mimi hapo naona kabisa.

#14 Kisiki cha Mpingo

Hata mimi niliona kabisa, ndugu. Ndiyo maana niliuacha wa mwisho, kwa woga wa kukuta ni kweli.

Umechapwa karibu 1744, kwenye kijitabu cha nyimbo cha London. Kondoo mweusi pale ni kondoo mweusi: sufu yake ilifumwa nguo nyeusi bila kutiwa rangi. "Master" ni bwana mwenye shamba. Waliotaka siri kabla ya hawa wa watumwa walisema ni kodi ya sufu ya Mfalme Edward wa Kwanza, 1275, shilingi sita na peni nane kwa gunia: mfalme anachukua, kanisa linachukua, mkulima habaki na kitu. Kodi ilikuwepo. Lakini huo uchungu wa mkulima unategemea toleo ambalo mvulana wa kichochoroni anakosa, na hilo ni la baadaye kidogo. Kwenye lile la 1744 mvulana anapata gunia lake kama wengine. Kodi gani hiyo inayokurudishia theluthi?

Biashara ya watumwa ilikuwepo, na utajiri wake uko kwenye majengo ya Bristol na Liverpool mpaka leo, wazi, kwa majina ya wenyewe. Haihitaji kondoo.

Mary, Mary sitachukua muda. Wengine wanasema ni Mary wa Kwanza wa Uingereza, aliyechoma Waprotestanti karibu 280 kati ya 1555 na 1558, kengele za fedha ni vyombo vya mateso. Wengine wanasema ni Mary wa Scotland, kengele ni za kanisani. Wimbo umeonekana karibu 1744 pia, miaka mia mbili kasoro baada yao. Nguo inayomkaa kila Mary haikushonewa Mary yeyote.

#15 Fungu la Kukosa

Mimi kuna moja nilisoma na ina ushahidi mzito, msiipinge. Sing a Song of Sixpence ni wimbo wa kuandikisha maharamia wa Blackbeard! Peni sita ndiyo mshahara wa siku, mfuko wa nafaka ni pombe, ndege weusi 24 ni maharamia waliojificha kwenye meli, pai ni mtego. Kuna mpaka tovuti ya kuchunguza uzushi iliyothibitisha kuwa KWELI. Tovuti yenyewe ndiyo kazi yake kukamata waongo.

#16 Kisiki cha Mpingo

Fungu la Kukosa, kaa chini kwanza, unywe maji.

Tovuti ni Snopes. Na hiyo makala waliitunga. Kwa makusudi. Waliiweka sehemu maalumu ya visa vya kubuni, wakaandika "kweli" kwa herufi kubwa, lengo likiwa kumfundisha msomaji kwamba hata wao asiwaamini bila kuhakiki. Chini kabisa kulikuwa na kiungo kinachoeleza kuwa ni mtego. Watu hawakufika chini. Kipindi kimoja cha televisheni huko Marekani kikaipeleka hewani kama kisa cha kweli.

Blackbeard aliuawa 1718. Wimbo uko kwenye kile kile kijitabu cha 1744, na humo hakuna hata ndege: wanaopikwa kwenye pai ni wavulana watukutu 24.

#17 Fungu la Kukosa

Dah. Jina langu limenifaa.

#18 dadapilau

Ngojeni kwanza. Wavulana au ndege, mbona wimbo unasema pai ikakatwa na ndege wakaimba? Walioka ndege hai? Mimi napika biashara, haiingii akilini.

#19 Kisiki cha Mpingo

Hii ndiyo niliyokuwa nakuwekea wewe, dada. Walifanya kweli!

Kuna kitabu cha mapishi cha Kitaliano cha 1549, kikatafsiriwa Kiingereza 1598, kina maelekezo ya kutengeneza pai ambayo ukiikata ndege hai wanaruka nje. Unatengeneza ganda kubwa la unga, kama sufuria yenye kifuniko. Chini unatoboa tundu la ngumi. Unalijaza unga lisibonyee, unalioka likakauka. Likishapoa unafungua lile tundu la chini, unaumwaga unga, na hapo ndipo unaingiza pai ndogo ya kuliwa pamoja na ndege wako hai, muda huo huo unapopeleka mezani. Mgeni anakata kifuniko, ndege wanatoka, ukumbi unapiga kelele, taa zinazimwa na mabawa. Kisha mnakula ile pai ndogo msilale njaa.

Watu wamekwenda mpaka Karibea kutafuta maharamia, kumbe mstari wa ajabu kuliko yote una maelezo jikoni.

#20 dadapilau

Kumbe ganda tupu, wanaingizwa baadaye. Hapo nimeelewa. Ila kwa harusi za hapa mjini hilo wazo mtu akilipata tutakoma.

#21 Mswahili wa Essex

Kwa hiyo hakuna hata mmoja wenye kisa cha kweli nyuma yake? Nirudi kwa wanangu na kitu.

#22 Kisiki cha Mpingo

Upo, na meseji haikuutaja kwa sababu hautishi. Mary Had a Little Lamb. Mwandishi anajulikana, Sarah Josepha Hale, mwaka umejulikana, 1830. Na kule Sterling, Massachusetts, kulikuwa na mtoto Mary Sawyer ambaye mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba mwanakondoo wake alimfuata shuleni siku moja. Edison alipojaribu mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, maneno aliyoyasema ni hayo. Wasimulie hilo. Kondoo alikwenda shule, basi.

#23 Mbeba Lawama

Nimerudi na ile nusu yangu. Mnajua kwa nini meseji ile ilitukamata sisi haraka hivi? Sisi ni watu wa fumbo. Kanga ina neno, na neno lina mwenyewe, jirani anajua kaimbiwa yeye. Taarabu ukumbini mtu anatoka kwenda kutunza kwa mbwembwe, aliyepigwa dongo keshajua. Mtu aliyekulia huko ukimwambia wimbo una la ndani, hakuulizi ushahidi, anakuuliza nani kaimbiwa.

Na ushahidi ninao. Shangazi yangu yuko Bagamoyo, anasema Ukuti Ukuti ni wimbo wa watumwa. Kuti ni mtu aliyekatwa kwao, upepo ni kaskazi inayoleta majahazi, "watetemeka" ni wao pale pwani. Hapo tarehe zako mbili zinasemaje?

#24 Kisiki cha Mpingo

Tarehe ya wimbo siwezi kukupa. Nipe ya shangazi. Muulize, kwa heshima zote, aliisikia kwa nani.

#25 Mbeba Lawama

Nimempigia. Shikamoo, marahaba, habari za huko, dakika kumi za ndoa ya binamu, ndipo nikauliza.

Aliisikia mwaka juzi, kwa kijana anayetembeza watalii.

#26 Mwalimu wa Zamu

😂😂😂 Nimemwamsha mke wangu kwa kicheko.

#27 Mbeba Lawama

Chekeni tu. Nikampigia na bibi, ana miaka themanini na kitu, nikamuuliza Ukuti Ukuti maana yake nini hasa, ndani kabisa. Akanyamaza. Akasema: "Upepo ukija, mnazi hutikisika. Hamna minazi huko mjini?" Kisha akauliza nimekula.

#28 Binti Mvita

Wakuu, samahani kuwakatiza. Sasa hivi kwenye grupu la wazazi la shule ya mwanangu imeingia sauti ya dakika saba. Mtu asema Mabata Madogodogo wana siri, ati "yaogelea" ndiyo neno lenyewe, na kuna mtu wa 1800 na kitu ametajwa. Barua kwa mwalimu mkuu yaandikwa hivi tunavyozungumza.

#29 Kisiki cha Mpingo

Itume hapa. Nachemsha chai, nakuja.